Nanomita ni “bilioni moja ya mita”?

SWALI: Nafundisha darasa la sita, Ujiji. Niliandika ubaoni “nanomita ni bilioni moja ya mita”, mtoto mmoja akauliza kama ni ndefu kuliko Ziwa Tanganyika. Nimekosea wapi? Na je, “ndogo mara bilioni” ni sahihi?

JIBU: Mwalimu, mtoto huyo mpe pongezi. Amesoma ulichoandika. “Bilioni moja ya mita” masikioni mwetu ni lundo la mita, kama gunia la dagaa lilivyo dagaa wengi. Mita bilioni moja ni kilomita milioni moja, na ziwa letu halifiki hata 700.

Neno lililodondoka ni “sehemu”. Nanomita ni sehemu moja ya mita iliyogawanywa sehemu bilioni moja. Kwa mafungu makubwa hatulihitaji, maana tuna nusu, theluthi, robo, humusi, sudusi, na kuendelea hadi ushuri, yaani moja ya kumi. (Hata sumni, ile senti hamsini ya zamani, jina lake ni thumuni, moja ya nane.) Ngazi hiyo inaishia kwenye kumi. Ukishuka zaidi, taja sehemu, la sivyo msikilizaji atahesabu kwenda juu.

“Ndogo mara bilioni” wapo wanaoitetea. Mimi singeiandika ubaoni: “mara” ni ya kuzidisha, na mtoto wa darasa la sita ndiyo kwanza anatenganisha kuzidisha na kugawanya. Igeuze: mita ni ndefu mara bilioni moja kuliko nanomita.

Ila ningeanza na rula. Lete dagaa mmoja kutoka Kibirizi, wa sentimita 8. Hizo ni milimita 80, na kila milimita ina nanomita milioni moja, basi dagaa ana nanomita milioni 80. Kisarufi, sema “nanomita moja inatosha”, “nanomita nyingi zimebaki”. Upatanisho wake unafuata mita na kilomita. “Nano” yenyewe ni ya Kigiriki, maana yake mbilikimo. Waambie mapema, kabla hawajaifanya ndugu ya tano au nane.

Kisha watazame kucha zao. Ukucha wa mkono hukua takriban nanomita moja kila sekunde. Kipindi cha dakika 40 kikiisha, umeongezeka kama nanomita 2,400, na unywele mmoja una unene wa 80,000 hivi.