Manyunyu makubwa?

SWALI: Niliandika "jana kulikuwa na manyunyu makubwa", mwenzangu akalipiga mstari mwekundu neno "manyunyu" na kuweka "rasharasha" juu yake. Nani kakosea? Maneno haya yana tofauti gani?

JIBU: Mwenzio kaona kasoro, ila kalamu yake imetua pabaya. Kinachogoma hapo ni "makubwa". Manyunyu ni mvua ya matone membamba. Wapimaji wa hali ya hewa huweka mpaka wa tone la namna hiyo kwenye milimita 0.5. Ukisema manyunyu makubwa ni kama kusema mnong'ono wa kelele, na "rasharasha kubwa" haiponi hapo. Kama yalichukua muda, sema yalidumu kutwa.

Manyunyu ni jamaa wa nyunyiza na nyunyizia, ndiyo maana tuna bafu la manyunyu. Rasharasha asili yake ni Kiarabu, nyumba moja na marashi na mrashi, ile chupa ya shingo nyembamba unayoitikisa itoe matone mawili matatu. Yote mawili yanaleta picha ileile ya maji yanayorushwa kidogokidogo, na watu wengi huyatumia kwa kubadilishana. Sioni kosa.

Binafsi nina kipimo changu, kamba ya nguo. Juzi nilitoka kuanua shuka. Ngozi haikuhisi kitu, lakini miwani ilishajaa vidoti. Nikazishika shuka: hazijalowa, zimepata ubaridi tu. Nikaziacha. Hayo kwangu ni manyunyu. Sijafika mlangoni nikaanza kusikia bati, ta, ta-ta, ta. Hiyo sasa rasharasha, na shuka nilizianua mbio. (Usiende kumshindia mtu hoja kwa kipimo hiki, ni changu na kamba yangu.)

Kwenye sarufi, manyunyu hukaa katika wingi: yameanza, yamekatika. "Nyunyu moja" sijawahi kulisikia. Rasharasha ni jepesi zaidi kulitumia, maana hukubali kusimama peke yake, kufuata "mvua ya", au kueleza kitenzi: mvua inanyesha rasharasha. Kipo pia kitenzi nyonyota, ambacho siku hizi nakisikia kwa nadra na kinanisikitisha kukikosa. "Mvua inanyonyota": sikiliza tu hayo matone.

Sentensi yako basi ni "jana kulikuwa na manyunyu". Ila kama ulirudi nyumbani soksi zinachuruzika, andika mvua.