Laptopu ya mteja asiyeona: shughulikia sauti kwanza

Fundi mpya wa Kisumu au Kakamega, mteja asiyeona akikuletea laptopu uiwekee mfumo upya, usiharakishe kumfanyia kila kitu. Mwandalie, mfumo auweke mwenyewe. Macho yako yanahitajika mahali pamoja tu: BIOS, programu ya kuwashia kompyuta, haiongei. Ingia humo, panga flashi itangulie diski, hifadhi, kisha umwachie kibodi.

Kwenye Debian, mfumo endeshi wa bure, flashi ya GB 4 inatosha. Tumia toleo la 12, la mwaka 2023, au la baadaye, maana kuanzia hapo diski ya kusakinishia hubeba fimwea (programu ndogo za kuendesha vifaa) ambazo zamani ulizitafuta kando, na laptopu nyingi mpya hazitoi sauti bila hizo. Menyu ya kwanza ikiwa tayari, mashine ya UEFI, yaani BIOS ya kisasa, hulia mara mbili, ya BIOS ya zamani mara moja. Hapo abonyeze s, kisha Enter, ili kisakinishi kianze kuongea. Laptopu nyingine hazitoi mlio huo kabisa. Pima mwenyewe menyu inachukua sekunde ngapi kufika, umwambie.

Kinachokwamisha watu zaidi ni sauti kutokea kusikotakiwa, kwa mfano kwenye HDMI. Kisakinishi kikikuta kadi kadhaa za sauti huzijaribu moja baada ya nyingine. Anayesikia maneno abonyeze Enter pale pale. Kukiwa kimya kote, chomeka kadi ndogo ya sauti ya USB, uwashe upya. Fundi asiyekuwa nayo mkobani hajajiandaa.

Windows 10 tangu toleo la 1709, na 11, zina Narrator, programu inayosoma skrini kwa sauti, ndani ya kisakinishi; huwashwa kwa Ctrl, Windows na Enter kwa pamoja. Ikinyamaza, mara nyingi ni dreva ya sauti iliyokosekana.

Maswali ya Debian hujibiwa kwa namba. Mtahadharishe kuhusu kugawa diski: kuchagua diski nzima kunafuta kila kitu, kwa hiyo nakili faili zake kwanza. Swali la mwisho la hatua hiyo, la kuandika mabadiliko kwenye diski, jibu lake la kawaida ni hapana. Akibonyeza Enter tu hasongi mbele, na atadhani mashine imekwama. Aandike namba ya ndiyo. Betri iwe imejaa, stima ya huku unaijua.

Orca, programu ya Debian ya kusoma skrini kwa sauti, itawekwa yenyewe. Kompyuta ikianza upya achomoe flashi mara moja, la sivyo mpangilio uliouweka kwenye BIOS utamrudisha kwenye kisakinishi.