Uzito wa juu 2024: nani yuko nyuma ya Usyk kweli, na chipukizi gani wa kuwekewa jicho

Mleta mada, umeuliza mambo mawili: baada ya bondia Oleksandr Usyk kumpiga Tyson Fury mara mbili ndani ya mwaka mmoja, nani anastahili kukaa mbele kwenye foleni, na chipukizi gani wa kufuatilia 2025. Najibu kwa kile kilichoonekana ulingoni. Rekodi peke yake inadanganya sana kwenye uzito huu, kwa sababu mtu anaweza kufika mapambano 17 bila kupoteza na bado hajakutana na bondia anayerudisha ngumi.

Tuanze na Usyk mwenyewe, maana yeye ndiye kipimo. Mei 18, 2024, Riyadh alimshinda Fury kwa majaji kugawanyika (115-112, 114-113, na mmoja akampa Fury 114-113), akawa bingwa wa kwanza asiye na mpinzani (mwenye mikanda yote mikuu) tangu Lennox Lewis mwaka 1999. Desemba 21 kwenye marudiano majaji wote watatu wakampa Usyk 116-112. Fury alipanda mizani na kilo 127 hivi, zaidi ya kilo 8 juu ya uzito wa Mei, Usyk akiwa na 102. Wengi walitegemea zile kilo zimchoshe Usyk kwenye kukumbatiana. Hazikumchosha, kwa sababu hakubaki mahali pa kukumbatiwa.

Ukirudia video, acha kuangalia mikono, angalia mguu wa mbele. Usyk ni mashoto (anasimama mkono na mguu wa kulia ukiwa mbele), na kila mara anaweka mguu wake wa kulia nje ya mguu wa kushoto wa mpinzani. Mkono wa kulia unagusa gusa glavu tu, hauumizi, kazi yake ni kuziba macho. Ukishaziba, kushoto kunaenda tumboni mara moja, mara mbili. Fury akianza kushusha kiwiko, kushoto kulekule kunapanda kichwani. Ndivyo pambano la kwanza lilivyogeuka raundi ya 8 na ya 9, hadi kamba zikamshikilia Fury na refa akamhesabia. Hesabu za ngumi za marudiano nazo zinasema: Usyk alifikisha 179 kati ya 423, Fury 144 kati ya 509. Fury alirusha nyingi zaidi na akafikisha chache.

Kwa hiyo swali la kumuuliza kila mpinzani ni hili: akisukumwa kurudi nyuma kuanzia raundi ya 7, miguu yake inabaki chini ya kiwiliwili au inasambaratika?

Wa kwanza kwenye foleni kwangu ni Daniel Dubois, ambaye mwishoni mwa 2024 alikuwa na miaka 27 na mkanda wa IBF (moja ya mikanda minne mikuu ya dunia). Najua kuna wanaosema mkanda alipewa, na ni kweli Usyk aliuachia Juni ili afanye marudiano na Fury, Dubois akapandishwa. Ila angalia njia aliyopita: Jarrell Miller kwa TKO (pambano kusimamishwa) ya raundi ya 10 mwishoni mwa 2023, Filip Hrgovic raundi ya 8 Juni 2024, halafu Anthony Joshua raundi ya 5 pale Wembley Septemba 21 mbele ya watu 96,000. Pambano la Hrgovic ndilo lenye thamani kubwa kuliko hata la Joshua. Raundi za mwanzo alikula ngumi za kulia nyingi, akazivumilia, akaendelea kutupa jebu (ngumi iliyonyooka ya mkono wa mbele) mpaka uso wa Hrgovic ukapasuka na daktari akamaliza kazi. Huyu ndiye tuliyemwona akipiga goti mbele ya Joe Joyce mwaka 2020. Amebadilika, na kilichobadilika ni jebu. Zamani aliitupa kama kugonga mlango, sasa anaingia nayo na uzito wa mwili mzima, kiasi kwamba mpinzani anaanza raundi tayari yuko kwenye visigino.

Joshua naye aliharibu wapi? Raundi ya kwanza inakaribia kuisha, akala kulia na kukaa chini. Ya tatu akaanguka tena. Lakini kosa la mwisho ni la kufundishia vijana. Raundi ya 5 alimtikisa Dubois kwa kulia, akaona mwanya, akafuata na apakati (ngumi ya kutoka chini kwenda kidevuni) ya kulia kutoka mbali. Apakati inapigwa ukiwa karibu. Ukiirusha kutoka mbali, mkono unashuka kiunoni na kidevu kinabaki wazi kwa nusu sekunde nzima, na Dubois alikuwa tayari anarudisha kulia kwake. Joshua bado ana jina la kuuza tiketi, ila kwa kiwango alichoonyesha 2024 simweki kwenye watano wa juu.

Agit Kabayel ndiye anayenyimwa heshima kuliko wote. Mjerumani, mwishoni mwa 2024 alikuwa na rekodi ya 25-0 (ushindi 25, bila kupoteza), hana mwili wa kutisha wala mbwembwe. Desemba 2023 alimmaliza Makhmudov raundi ya 4, na Mei 2024 Frank Sanchez raundi ya 7. Wote wawili walikuwa hawajawahi kupoteza, na wote walivunjwa kuanzia mwilini. Inafanya kazi kwenye uzito huu kwa sababu majitu yanaogopa kichwa tu: gadi (mikono ya kujikinga) inakaa juu, viwiko vinaachana na mbavu. Kabayel anatupa ngumi mbili nyepesi usoni ili viwiko vipande zaidi, anainamisha magoti (si mgongo, hapo ndipo wengi wanakosea na kukutana na apakati), kisha anagonga chini. Ngumi ya kichwa unaweza kuisahau baada ya sekunde kumi. Ya ini inaondoka na miguu.

Joseph Parker naye hana cha kudaiwa. Alimshinda Deontay Wilder Desemba 2023, na Zhang Zhilei Machi 2024, na dhidi ya Zhang aliangushwa mara mbili, raundi ya 3 na ya 8, akaamka na kushinda: majaji wawili walimpa, wa tatu akatoa sare. Hofu yangu kwake ni moja, kwamba anafikiwa kwa urahisi na ngumi ya kushoto iliyonyooka ya mashoto kama Zhang. Februari 22, 2025 alipangiwa Dubois huko Riyadh, ambaye si mashoto, hivyo tatizo nililoliona lilikuwa jebu zaidi.

Zhang alikuwa na miaka 41 mwishoni mwa 2024. Alimzima Wilder raundi ya 5, nguvu bado ilikuwepo, ila pumzi ilikuwa inaisha kuanzia raundi ya 8. Yeye na Kabayel walipangwa kupigana usiku huohuo wa Februari 22, 2025. Hoja yangu ilikuwa kwamba Kabayel asipolazwa raundi nne za mwanzo, mwili wa Zhang ungelipa.

Martin Bakole, mzaliwa wa Kongo, alifanya Agosti 2024 kule Los Angeles kitu ambacho mapromota wengi waliogopa: alimwangusha Jared Anderson raundi ya kwanza na kumaliza kazi raundi ya 5. Kwa mtu wa kilo karibu 129 ana mikono myepesi ajabu, na apakati yake ya kulia inapita katikati ya gadi. Tatizo ni kukosa mapambano. Mwili wa namna hiyo ukikaa miezi sita bila kambi, mizani inapanda na kasi ndiyo ya kwanza kuondoka. Apewe tarehe mapema, wiki 8 hadi 10 za maandalizi, ndipo tumhukumu.

Chipukizi: Moses Itauma, na wengine wako mbali nyuma yake. Alitimiza miaka 20 Desemba 28, 2024, akiwa na rekodi ya 11-0. Alimmaliza Mariusz Wach raundi ya 2 Julai, halafu Demsey McKean raundi ya kwanza kwenye usiku uleule wa Usyk na Fury. McKean alikuwa amepoteza mara moja tu, na Hrgovic alihitaji raundi 12 kumsimamisha. Itauma ni mashoto mwenye utulivu wa mtu wa miaka 30, anasogea nusu hatua, anamtega mpinzani atupe, ndipo anapiga.

Ambacho hakuwa ameonyesha hadi mwisho wa 2024 ni raundi ya 7 na kuendelea, hakuwa amewahi kufika huko. Ile haraka ya wakati huo ya kuvunja rekodi ya Mike Tyson, aliyetwaa ubingwa akiwa na miaka 20 na miezi minne, ningeiacha. Mpeni mkongwe mwenye kidevu kigumu, wa kumfikisha raundi ya 8 akiwa amechoka na amepigwa mbavu kidogo.

Bakhodir Jalolov ana dhahabu mbili za Olimpiki, na mwishoni mwa 2024 alikuwa 14-0, zote kwa KO (kumlaza mpinzani au kusimamishwa kwa pambano), ila alikuwa na miaka 30 na muda wake mwingi alikuwa ameutumia kwenye ngumi za ridhaa. Richard Torrez anashambulia vizuri lakini ni mfupi kwa uzito huu na anaingia kichwa mbele. Fabio Wardley alimlaza Frazer Clarke raundi ya kwanza Oktoba 2024 baada ya sare yao ya Machi. Ngumi anayo, gadi bado. Anderson alikuwa na miaka 25 mwishoni mwa 2024, anaweza kurudi, mradi asirudishwe kwa mtu wa kurushiana naye ngumi raundi ya kwanza kama alivyofanya kwa Bakole.