Dishi Juu ya Lori: Maswali ya Wiki Hii

Safari hii karibu maswali yote yametoka kwa watu wanaolala ndani ya magari: madereva wa masafa, waongoza watalii wenye hema juu ya Land Cruiser, na bwana mmoja mwenye gari la nyumba huko Uingereza. Nimechukua yenye kitu ndani yake, na moja ambalo halina.

Fundi, king'amuzi gani kizuri cha safarini?

Kile ulichokilipia mwezi huu.

Shikamoo fundi. Naendesha semi Dar hadi Lubumbashi, nina dishi la Azam la kubeba. Dar niliwekewa na fundi likashika vizuri. Tunduma nimelielekeza mashariki, kwa sababu karatasi inasema nyuzi 7 Mashariki, sipati kitu. Setilaiti inaishia mpakani?

Marahaba. Haijaishia popote, umeipa mgongo. Nyuzi 7 Mashariki ni anwani ya setilaiti, si upande wa kugeuzia dishi. Iko juu ya Ikweta kwenye Ghuba ya Guinea, jirani na São Tomé, kilomita 35,786 kwenda juu. Wewe uko mashariki yake, kwa hiyo unaitazama magharibi, kaskazini kidogo. Hili nimeshaliandika mara ngapi?

Haya, andika pembeni ya karatasi yako. Dar es Salaam dishi linatazama takriban nyuzi 281 za dira na linainuka nyuzi 52. Tunduma ni 288 na 58. Lubumbashi ni 298 na 62. Na kile kichwa, LNB, nacho kinazungushwa: kati ya Dar na Lubumbashi kinapishana karibu nyuzi 18. Wengi hawakigusi kabisa, halafu wanasema baadhi ya chaneli "zimefungiwa".

Dira ya simu usiisomee ukiwa umeegemea lori. Chuma chote kile kinaivuta. Tembea hatua kumi na tano, soma, chagua alama mbali mbele yako, mnara au mti, kisha rudi ulielekeze dishi kwenye alama hiyo. Nati zikaze kwa vidole tu. Sogeza dishi upana wa kidole, hesabu hadi tano polepole, sogeza tena. Wanaokosa ni wale wanaolizungusha kama usukani: wanapita juu ya signali na king'amuzi hakijapata nafasi ya kuitambua. Ikishika, ndipo ushike spana.

Ninapolala Ruaha Mbuyuni antena haishiki hata kwa busta mbili. Niongeze ya tatu?

Usiongeze, toa zote mbili. Busta haitengenezi signali, inakuza inachokikuta kwenye waya. Ukiipa kelele itakurudishia kelele kubwa. Pale uko bondeni, milima imekuzunguka, na mawimbi ya antena yanataka njia nyoofu kutoka mnarani. Setilaiti inainuka zaidi ya nyuzi 50, inakuchungulia juu ya kilima bila shida. Ndiyo maana wauza vitunguu wa pale wana madishi. Ukifika mji usioujua, kabla ya kufungua boksi lolote, tazama mapaa ya majirani: antena zao zinaelekea wapi, na vijiti vyake vimelala au vimesimama? Iga. Vikiwa vimesimama nawe umelaza vyako, unapoteza sehemu kubwa ya signali bure.

Nimechomoa waya wa volti 12 kwenye betri moja ya lori kwa ajili ya TV. Inafanya kazi safi. Kuna ubaya?

Upo, na bosi wako atauona kabla yako. Lori ni volti 24, yaani betri mbili zilizofuatana. Televisheni ndogo na king'amuzi vikila wati 42 kwa saa nne za mechi, unaipunguzia betri ile moja kama ampea-saa 14 kila usiku, mwenzake akiwa amelala tu. Asubuhi alternata inazichaji kwa pamoja kana kwamba ziko sawa. Iliyojaa inachemka maji, iliyopungua haijai. Baada ya muda unasukumwa na utingo na watu wa stendi, halafu unaambiwa betri za siku hizi feki.

Nunua kibadilishi cha 24 kwenda 12, kifunge kwenye betri zote mbili, weka fyuzi karibu na betri. Na wewe mwingine uliyeuliza kama king'amuzi cha 12 kinaweza "kuvumilia" 24: lori likiwaka inafika 28. Hakivumilii. Nimevizika vingi.

Sisi ni waongoza watalii Serengeti. DStv yetu inashika kambi moja, nyingine haishiki. Dishi ni lile lile.

Ni migunga inayoliziba dishi. Setilaiti yenu iko nyuzi 36 Mashariki, na ukidondosha jiwe kutoka kule litaangukia jirani na Nakuru. Kwenu ni utosini kabisa. Dishi likiwa kivulini saa sita mchana, hesabu kwamba hakuna picha. Walazeni wageni chini ya mti, dishi liache juani.

Siku kadhaa mfululizo mwezi wa tatu, Azam inakata mnamo saa tisa alasiri kwa dakika chache, mbingu nyeupe. Nimepigia huduma kwa wateja mara nne.

Waache wapumzike. Ni jua linapita nyuma ya setilaiti na kuifunika kwa kelele yake. Hutokea tena mwezi wa tisa. Tena itumie hiyo nafasi: saa hiyo jua liko pale pale setilaiti ilipo, kwa hiyo tawi linalokutia kivuli ndilo la kukwepa ukiegesha.

Niko Uingereza, nina gari la nyumba lenye kuba linalojitafutia setilaiti. Nikishuka kusini mwa Hispania chaneli za Uingereza zinapotea. Na je, nikilileta gari Mombasa litafanya kazi?

Chaneli hizo, kwenye nyuzi 28.2 Mashariki, zinarushwa kwa mwale uliobanwa juu ya visiwa vya Uingereza kwa sababu za haki za matangazo. Kusini mwa Hispania ungehitaji dishi kubwa ambalo paa lako halitalibeba. Tumia intaneti ya kambini. Mombasa kuba litatafuta setilaiti za Ulaya mpaka lichoke, na mengi hayakutengenezwa kutazama utosini. Leta gari, kuba uza huko huko.

Naweza kufunga TV karibu na usukani nitazame nikiendesha?

Hapana. Mlima Kitonga wenye kona zake una picha za kutosha za kutazama.

Mvua ikinyesha inakata. Nifanyeje?

Subiri iishe. Dishi la sentimita 90 litachelewa kukata kuliko la 60, na kifuniko cha LNB kilichopasuka kibadilishe. Lakini kama picha inakata mvua ikiwa bado iko Zanzibar, hiyo ni kebo yako, ile uliyoiunga kwa selotepu.