Maswali ya Wasomaji: Nyundo, mitetemo na mipasuko ya makaa ya mawe

SWALI: Ndugu Mhariri, mdogo wangu anayesomea jiolojia anasema kuwa mipasuko inayokata matabaka ya makaa ya mawe hutafutwa kwa kupiga ardhi nyundo. Je, mashimo ya uchorongaji hayatoshi? Na kipimo hicho kingefaa huku kwetu? – Msomaji, Moshi.

JIBU: Hayatoshi, ijapokuwa hayaepukiki. Shimo huonyesha kilichopo pale lilipochorongwa tu. Shimo moja likikuta makaa kwenye kina cha mita 80, na jingine, mita 300 mbele, likayakuta kwenye mita 92, hujui kama tabaka limeinama taratibu au limekatwa ghafla na mpasuko, na hapo ndipo wachimbaji hujikuta wakiondoa mwamba mtupu.

Wapimaji huchomeka ardhini, kila baada ya mita chache, vipokezi viitwavyo jiofoni, kisha hupiga nyundo nzito juu ya bamba la chuma. Pigo hurudiwa palepale na rekodi zake hujumlishwa, ili kelele za upepo na magari zififie. Kwa kuwa makaa ni mepesi kuliko miamba inayoyazunguka, na mawimbi hupita ndani yake polepole zaidi, tabaka hilo hurudisha mwangwi wenye nguvu unaochorwa kama mstari. Mstari ukikatika na kuendelea juu au chini zaidi, mpasuko unashukiwa hapo, na ndipo pa kuchoronga shimo linalofuata.

Tatizo ni mipasuko midogo. Mawimbi yenye kasi ya mita 2,400 kwa sekunde na masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde) ya hezi 150 yana urefu wa mita 16, na mpasuko ulioshusha tabaka kwa chini ya robo ya urefu huo, yaani mita 4, ni vigumu kuutambua kwa uhakika. Tabaka la unene wa mita 2 linaweza basi kukatwa kabisa na mchoro usionyeshe kitu. Udongo mlegevu wa juu huzidisha tabu, kwani humeza masafa ya juu. Ndiyo maana baadhi ya wapimaji huacha nyundo na kulipua baruti kidogo chini ya udongo huo.

Huku kwetu hakuna makaa ya kutafuta: yapo kusini, katika miamba ya kale ya mashapo iitwayo Karoo, sehemu kama vile Ngaka, Mchuchuma na Kiwira. Mipasuko mingine ingeweza kupimwa, lakini lava ngumu ya Kilimanjaro, ikilalia majivu laini ya volkano, hutawanya mawimbi na kuufanya mchoro uwe mgumu kusomeka.