Maswali yenu kuhusu ekzosi za Subaru za zamani

Nina Impreza WRX ya 1998. Nikibadilisha mafla ya nyuma tu, gari itaongeza nguvu? (Msomaji, Arusha)

Itaongeza kelele. Kwenye gari la turbo (feni inayozungushwa na moshi ili kuisukumia injini hewa), moshi haubanwi mkiani, unabanwa pale unapotoka kwenye turbo. Kama una pesa ya kitu kimoja tu, anza na daunpaipu, lile bomba linaloshuka kutoka kwenye turbo. Likitanuliwa hadi inchi 3, turbo inaamka mapema. Mafla itasubiri mshahara mwingine.

Nimeshaweka daunpaipu ya inchi 3. Gari inavuta kweli, ila nikikanyaga mpaka mwisho inakata ghafla kama imeishiwa mafuta. Nibadilishe pampu? (Msomaji, Thika)

Subiri kwanza, usinunue pampu. Turbo ina kilango kidogo, westigeti, kinachopitisha moshi pembeni ili busti, yaani shinikizo la hewa inayosukumwa na turbo, isizidi. Moshi ukishapata njia pana, kilango kile kinaweza kuzidiwa. Busti inapanda kupita kiwango, na kompyuta ya injini inakata mafuta ili kuiokoa injini. Kwa hiyo huko kukata ni msaada, si ugonjwa. Injini ya EJ20, iliyo kwenye WRX kama yako, ikipata hewa nyingi kuliko mafuta, zinazoumia ni pistoni.

Funga geji ya busti, endesha kwa upole, kisha tafuta fundi wa kutyuni kompyuta anayepima mchanganyiko wa hewa na mafuta, si wa kusikiliza kwa sikio. Kagua pia gasketi: ekzosi ikivuja kabla ya sensa ya oksijeni, sensa inadanganywa na vipimo vyote vinaharibika. Mimi niliwahi kuambiwa na fundi, "Endesha tu, itazoea." Haikuzoea. Niliishia kushusha injini.

Kuna mtu anataka kunitolea masega (katalitiki, kile kisafisha moshi ndani ya ekzosi) bure na kuniwekea bomba tupu. Nikubali? (Msomaji, Dar es Salaam)

Bure? Masega yana platinamu, paladiamu na rodiamu, na huyo mtu anajua bei yake. Wewe utabaki na harufu ya petroli kwenye nguo na moshi wenye sumu zaidi kwa anayekufuata kwenye foleni. Kama masega yameziba, weka ya kisasa yanayopitisha moshi kwa urahisi.

Yapo masega mengine ambayo ningeyatoa bila kusita: yale madogo yanayokaa kabla ya turbo kwenye baadhi ya WRX za kuanzia 2002 hivi. Yakimeguka, vipande vinaingia moja kwa moja kwenye turbo.

Chuma gani kinafaa huku pwani? (Msomaji, Mombasa)

Stenlesi ya 304. Nenda dukani na sumaku: ikinata kwa nguvu, unauziwa kitu kingine, pengine stenlesi ya 409, ambayo hushika kutu ya juujuu.

Nimefunga heda mpya (mabomba yanayotoa moshi kwenye injini) na ule mngurumo wa Subaru umepotea kabisa! Fundi ameharibu? (Msomaji, Mwanza)

Hajaharibu. Heda za kiwandani za gari lako zina mabomba yasiyolingana urefu, moshi wa upande mmoja unachelewa kufika, na huo mwendo wa kuchechemea ndio mngurumo unaoukumbuka. Heda mpya zina urefu sawa, zinapeleka moshi kwenye turbo kwa mpangilio mzuri zaidi. Ukishindwa kabisa kuvumilia ukimya, rudishia za zamani. Natumaini hukuziuza.