Nilivyoingia Kanada kama mgeni huku faili la udhamini likingoja

Wiki jana dada mmoja wa Likoni aliniandikia. Mumewe yuko Kanada, ombi la kumdhamini ahamie huko kama mkewe limeshapelekwa, naye anataka kwenda kumtembelea. Ameshauriwa aandike kwamba anakwenda harusi ya binamu. "Nikitaja udhamini, si wataninyima viza?" Swali hilo lilinichoma, maana hofu hiyo hiyo ilinipotezea karibu mwaka mzima.

Mume wangu ni mkaazi wa kudumu wa Kanada, yuko Edmonton, jimbo la Alberta. Tulioana hapa Kibokoni, Mombasa, akarudi kazini, tukapeleka faili. Yeye anapotoka kazini jioni, mie ndio naamshwa na adhana ya alfajiri. Aliyewahi kuishi ndoa ya simu anajua.

Nikaamua kuomba viza ya mgeni. Mtu mmoja mjini anayejaza fomu kwa malipo akaniambia mume nimtaje kwenye fomu ya familia, ila barua iseme nakwenda kuona maporomoko ya Niagara, na udhamini nisiuguse. Nikamsikiliza. Niagara iko Ontario, jimbo jingine kabisa, mume wangu yuko Alberta! Nililipa dola 100 za Kanada za viza na 85 za alama za vidole, nikapanda treni hadi Nairobi. Jibu likaja: hawakuridhika kwamba ningeondoka muda wangu ukiisha. Nililia nyuma ya duka, nimejitanda leso mpaka usoni wateja wasinione.

Baada ya hapo nilisoma mwenyewe. Sheria ya uhamiaji ya Kanada ya 2001, kifungu cha 22, inasema kwamba kutaka kuhamia huko hakumzuii mtu kuingia kwanza kama mgeni, mradi afisa aridhike kuwa ataondoka muda ukiisha. Kumbe nililokuwa nalificha halikuwa kosa hata kidogo! Kosa ni uongo. Kifungu cha 40 kinaweza kukufungia mlango miaka 5, na huo udhamini wenyewe ukaenda na maji.

Mara ya pili niliandika barua kwa mkono wangu. Risiti ya faili la udhamini niliiweka juu kabisa. Chini yake nikapanga yanayonirudisha Mombasa: leseni ya duka langu la leso pale Biashara Street, mkataba wa pango, taarifa za benki, na maelezo kwamba lazima niwe dukani kabla ya Ramadhani, kwa sababu mauzo ya Idd ndiyo yanayonilisha mwaka mzima. Alama za vidole hudumu miaka 10, kwa hiyo sikulipia tena. Viza ikatoka.

Lakini viza pekee haikuvushi mpaka. Nilipotua, afisa aliniweka pembeni kwa muda wa karibu saa mbili. Akaniuliza kama nimekuja kubaki. Nikamwambia: mume wangu yuko hapo nje, ombi letu liko kwenu, na tiketi yangu ya kurudi hii hapa. Mgeni kwa kawaida hupewa miezi 6. Mie nilipewa wiki nane, zikaandikwa kwenye karatasi. Iliniuma, wallahi, na bado yaniuma, mke wa mtu kupimiwa siku za kukaa na mumewe.

Nilirudi siku tano kabla ya tarehe. Najivunia hilo kuliko viza yenyewe.

Dada zangu, semeni kweli. Msifunge duka wala kuacha kazi mkidhani mmeshahama. Ukiwa mgeni usifanye kazi, hata kibarua cha kusuka nywele. Ukihitaji siku zaidi, omba kuongezewa kabla tarehe haijapita. Na afisa akikuuliza, mjibu kweli ile ile uliyoiandika, hata sauti ikitetemeka. Mola hamtupi mja wake mkweli.

Wewe wa Likoni, nitumie barua yako niisome kabla hujamlipa mtu. Ile harusi ya binamu ifute leo.